Miguu ya Phantom 3: nirudishe ya kawaida, niweke mipana, au ile ya kukunjwa?

Kayole_Juu
Wakuu, salaam. Nina droni ya Phantom 3 Advanced niliyonunua ikiwa imetumika, na ndiyo inayonilisha: ruracio (sherehe za mahari za Wakikuyu), harusi, siku moja moja video za kuuza ploti huko Kitengela. Jumamosi nilikuwa Limuru nikatua kwenye mteremko kando ya majani chai. Mguu mmoja ukagusa kabla ya mwenzake, droni ikalala ubavu. Propela mbili zimeenda, hilo halinisumbui. Kinachoniuma ni mguu wa kulia, umepasuka pale unaposhikana na mwili wa droni. Nimetia gundi lakini nikiutikisa bado unacheza.

Naona njia tatu. Miguu ya kawaida: fundi wa barabara ya Luthuli, Nairobi, ananiitisha shilingi 2,800 pamoja na kazi. Miguu mipana ya faiba ya kaboni, ambayo pia inainua kamera juu ya nyasi. Au ile ya kukunjwa na mota ndogo ikiwa hewani, ili miguu isiingie kwenye picha. Moyo uko kwa ya tatu, mfuko uko kwa ya kwanza. Nani ashajaribu?

FundiNgara
Hiyo ya tatu itoe kabisa. Kamera ya Phantom haizunguki peke yake, inainama na kuinuka tu. Ukitaka kutazama kushoto unageuza droni nzima, na miguu inageuka nayo. Sasa miguu itaingiaje kwenye picha? Unachokiona juu ya picha ni propela za mbele, na huja ukikimbia mbele kwa kasi kamera ikiwa imenyooka. Inamisha kamera kidogo au punguza mwendo. Hiyo dawa ni ya bure.

Na kabla hujafungua skrubu hata moja, ujue unachofungua. Kwenye Phantom 3 mguu si plastiki tupu. Dira imo ndani ya mguu mmoja, na waya wake mwembamba unapanda kwa ndani hadi kwenye mwili wa droni. Antena nazo zimo miguuni. Nimeletewa droni tatu ambazo mwenyewe alivuta mguu kama anayeng'oa muhogo, waya wa dira ukabaki mkononi.

Wanja_Angani
Mimi nilikuwa na hiyo mipana kwa miezi saba, kwa hiyo naongea nikijua. Kaka, usidanganywe na picha za matangazo.

Uzuri upo. Kwenye nyasi za Kiambu zinazofika kifundoni kamera haikugusa hata mara moja. Lakini niliipima kwa mizani ya jikoni, ikawa gramu 92 zaidi ya ile ya kiwandani. Phantom 3 Advanced ina gramu 1,280 pamoja na betri, na kwenye karatasi inakaa hewani kama dakika 23. Huku kwetu sijawahi kuziona. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa kama sehemu moja ya sita, kwa hiyo propela inazunguka zaidi kubeba mzigo uleule. Mimi nilikuwa napata dakika 18 kabla ya kengele ya betri. Na ile miguu, 16. Kwenye ruracio, dakika mbili ndizo wazee wanaingia getini.

La pili ni kimo. Ukiipandisha juu, uzito nao unapanda, na kwenye mteremko inapinduka upesi zaidi. Kinachoisimamisha ni upana. Mwishowe nilikata zile bomba zikarudi kimo cha kawaida, nikabakisha upana. Hapo ikatulia.

La tatu fundi ameligusa: faiba ya kaboni inapitisha umeme na inaziba mawimbi. Bomba likikaa mbele ya antena, ukigeuza droni upande fulani picha kwenye simu inaanza kukatika. Nilihangaika wiki mbili nikidhani ni rimoti.

Otis_Mini
Sisi wa droni ndogo tunacheka tu. Mini 2 yangu ina tumbo karibu liguse chini, nikatua kwenye maramu mara mbili nikasikia gimbali, kile kishikio cha kamera, inasaga mchanga. Nikakata patipati kuukuu vipande vinne kama maharagwe, nikabandika kwa gundi chini ya mikono. Gharama: sufuri, mke wangu ananidai patipati.

Angalizo moja. Cha kwanza nilikibandika karibu na sensa za chini, zile zinazopima ardhi iko umbali gani, droni ikawa inadhani iko ardhini saa zote, haikubali kushuka vizuri. Sogeza mbali. Na Mini 2 ni gramu 249, ukiongeza chochote unavuka 250, kiwango ambacho Marekani wanaanzia kudai usajili hata kwa mtu wa kujiburudisha.

FundiNgara
Otis, hapa kwetu usijifiche nyuma ya 249. KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, wana kanuni za 2020, droni inasajiliwa. Tuendelee na miguu.

Kamukunji6
Nitaitetea kidogo ile ya kukunjwa. Mimi nimeunda yangu ya mikono sita, na kamera inazunguka mzunguko mzima bila droni kugeuka. Hapo miguu ikibaki chini lazima ionekane, kwa hiyo kuikunja kuna maana.

Lakini sikiliza. Mwezi wa tatu mguu mmoja uligoma kushuka. Betri iko asilimia 22, bibi arusi anatazama juu, mimi natoka jasho. Kijana mmoja akakimbia ndani ya nyumba akaleta godoro, tukatua juu yake, mguu mmoja chini na mwingine juu kama korongo. Kosa lilikuwa vumbi kwenye gia, kitu kidogo kama punje ya mtama. Sasa najaribu kukunja na kukunjua mara tano kabla ya kila kazi.

Kayole_Juu
Haya, ya tatu nimeiacha. Je, nikichapisha mguu kwa printa ya 3D? Kuna jamaa atanifanyia kwa 900.

FundiNgara
Muulize ni plastiki gani. Wengi wanatumia PLA, na hiyo inaanza kulegea ikifika kama nyuzi 60. Acha droni ndani ya gari lililofungwa kwenye jua la Januari urudi uone miguu imekuwa ndizi. Akikubali PETG, inayostahimili joto zaidi, afadhali. Bado mimi ningelipa hiyo 2,800, kwa sababu ule wa kiwandani una njia ya waya na pahali pa dira tayari. Na mwambie asitumie skrubu za chuma karibu na dira. Shaba au nailoni.

Wanja_Angani
Nami niko hapo. Zile pesa za miguu mipana nunua turubai, ukate mita moja na nusu kwa mita moja na nusu, kila pembe uweke jiwe. Pasipokuwa na pa kutandika, mwambie msaidizi aishike mguu ikiwa juu ya kichwa chake. Ashike kutoka ubavuni, asiweke kiganja chini ya tumbo, sensa zitadhani ardhi imepanda. Wewe shikilia fimbo ya kushusha hadi mota zizime. Na avae miwani!

Kayole_Juu
Mrejesho. Nimefunga ya kawaida, skrubu za shaba. Nikapanda kwenye paa la ploti yetu kusawazisha dira, ikakataa mara nne. Nilikuwa nishaanza kumtukana fundi moyoni, kumbe nimesimama juu ya zege lenye nondo, tangi la maji na mabati kando. Nikashuka hadi uwanja wa shule, ikakubali mara ya kwanza. Dada Wanja, dakika 18 na nukta, kama ulivyosema. Turubai nimekata la buluu.

Miguu ya zamani mtoto wa jirani ameichukua, ameisimamisha uani kuwa goli.