Panzi wa rangi rangi kwenye mihogo, Ganda (Malindi): ni yupi huyu, na ana sumu?

MkulimaWaGanda
Salaam aleikum wapendwa. Naomba msaada kumtambua panzi. Tuko Ganda, si mbali na mji wa Malindi. Tangu mvua zikolee wamejaa kwenye mihogo, na wengine kwenye vichaka vya utomvu mweupe kando ya njia.

Mwili ni mweusi na manjano. Tumbo lina pete za manjano na nyeusi, na juani nyeusi yake inaelekea buluu. Vipapasio vyeusi vina pete za rangi ya chungwa. Mabawa mafupi sana, tumbo lote liko wazi. Hata kuruka haruki: ukimsogelea anatembea taratibu tu, unamshika kwa vidole viwili.

Jirani anasema ni nzige na anataka tuchange pesa ya dawa tupulize mashamba yote mawili. Mimi roho inasita, kwanza nijue ni mdudu gani. Na kijana wangu wa darasa la tatu anawakusanya kwenye kopo, hilo ndilo linalonitia wasiwasi zaidi.

Nahodha_Mstaafu
Nzige hao ndugu yangu, msichelewe. Kaskazini huko tuliona walivyofagia malisho. Pulizeni.

DuduzaPwani
Mzee wangu Nahodha, shikamoo. Kwa heshima, hao si nzige. Nzige wa jangwani walioingia nchini mwishoni mwa 2019 ni wa rangi ya waridi wakiwa vijana, manjano wakishakomaa, na mabawa yao marefu yanapita ncha ya tumbo. Huyo wa Ganda mabawa hayo hana, na wala hasafiri kwa makundi ya angani.

Mkulima, kwa maelezo yako namshuku *Zonocerus elegans*, panzi wa asili wa mashariki na kusini mwa Afrika, wa familia ya Pyrgomorphidae. Zile pete za chungwa kwenye vipapasio ni alama nzuri mno. Ila kabla sijasema ndiyo, nitazamie mambo haya.

Kwanza kichwa. Hawa wana uso ulioinama kwenda nyuma, na utosini, pale mbele katikati ya macho, pana mfuo mwembamba kama uliochorwa kwa ukucha. Tazama kwa kioo cha kukuza, au piga picha kwa karibu uivute.

Pili, na hapa ndipo watu wengi hupotea: ni mzima, yaani aliyekomaa, au ni tunutu, panzi mchanga? Huyu panzi hata akiwa mzima aghalabu ana mabawa mafupi, kwa hiyo ufupi pekee hautoshi kusema ni mchanga. Angalia yalivyolaliana. Kwa tunutu aliyekaribia kukomaa, vibawa vimegeuka: kile cha nyuma ndicho kilichokaa juu ya cha mbele. Akishajibambua mara ya mwisho mpangilio unarudi, bawa la mbele linafunika la nyuma. Na ukiwakuta wamepandana, hao ni wazima bila shaka.

Piga picha ya ubavu, ya uso na ya mguu wa nyuma. Picha ya juu peke yake inaficha mengi. Andika pia yuko kwenye mmea gani.

Kuhusu mtoto: mwondolee lile kopo leo. Panzi mwenye rangi za kujitangaza hivyo na asiyekimbia ana sababu ya kutokimbia. *Zonocerus* hukusanya alikaloidi za sumu kutoka kwenye mimea anayokula, ukiwemo mmea wa marejea, na akibanwa hutoa majimaji yenye harufu kali mgongoni. Kumshika tu hakumdhuru mtoto, ila anawe mikono kwa sabuni, asijisugue macho, na asithubutu kumtia mdomoni.

MwanaHindi_Lamu
Huku kwetu Hindi, Lamu, yuko mwingine: mkubwa, kijani, mgongoni ana chunusi chunusi zenye ncha nyekundu. Ukimgusa anafunua mabawa, ndani mekundu, na anatoa povu. Ndiye huyo huyo?

DuduzaPwani
Huyo ni jamaa yake wa familia moja, jenasi *Phymateus*. Akikomaa hufika sentimita 7 hivi. Povu lile liogopeni: hawa hupenda mimea ya utomvu mweupe, na sumu za moyo zilizomo humo huzihifadhi mwilini. Spishi ya *Phymateus* haitajwi kwa maelezo ya mdomo, tuwekee picha ya ngao ya shingoni na ya mabawa yakiwa wazi.

MsafiriWaLagos
Niliwahi kuishi Nigeria, kule ndugu yake, *Zonocerus variegatus*, watu wanamla. Wanatoa matumbo na kumchemsha kwa kubadilisha maji mara kadhaa.

DuduzaPwani
Kweli, na wenyewe wana ujuzi wa kumwandaa. Nakuomba tu hapa tusimpe mtu wazo la kujaribu.

MamaJilore
Mwanangu, dawa acha kwanza. Hawa usiku hupanda juu ya mimea wakalala pamoja, na asubuhi kukiwa na baridi hawana nguvu kabisa. Sisi Jilore tunaamka mapema na ndoo ya maji ya sabuni, tunakung'uta tawi juu ya ndoo. Vaeni glavu. Kazi ya asubuhi chache tu, na nyuki wenu hamtawaua.

MkulimaWaGanda
Ahsanteni sana. Nimerudi shambani na simu. Mfuo utosini upo, uso umeinama kweli. Bawa la mbele ndilo linalofunika. Na kando ya shamba, chini ya kivuli cha mkunazi, nimewakuta wengi wamepandana, majike mengine yamezamisha tumbo kwenye mchanga.

DuduzaPwani
Basi ni *Zonocerus elegans* mzima, sina shaka tena. Na hapo chini ya mkunazi umepata jambo kubwa kuliko jina lake: majike hutaga pamoja sehemu moja yenye kivuli, mayai yakiwa ndani ya povu linalokauka ardhini, na hukaa humo miezi kadhaa. Weka kijiti mahali hapo. Wakishamaliza kutaga, fukua kwa jembe udongo wa juu, sentimita 10 hivi, uuanike juani, mayai yatakauka.

Ubaki kwenye sehemu ya mihogo tu. Wale wa vichakani waachie, ni wa hapa hapa na hawajakudhuru. Na zile picha zipandishe iNaturalist, tovuti ya kutambua viumbe kwa picha, ukiandika Ganda, zisaidie na wengine.

MkulimaWaGanda
Kijiti nimeshaweka. Jirani nimempelekea uzi huu wote ausome, amesema kesho alfajiri anakuja na ndoo yake.

MamaJilore
Mwambie aje na sabuni ya unga, inashika vizuri zaidi.