Naomba ushauri: "stadhouder" wa Uholanzi tumwiteje kwa Kiswahili?

Wakuu, habari za leo. Ninaandika makala kuhusu jamhuri ya zamani ya Uholanzi, ile ya majimbo saba, na nimekwama kwenye neno moja tu: stadhouder.

Kabla ya jamhuri, huyu alikuwa mtu wa mfalme wa Hispania, akitawala jimbo kwa niaba yake. Hapo neno "liwali" linamkaa vizuri kabisa. Shida inaanza 1581, majimbo yalipomkana Mfalme Philip II. Mfalme kaondoka, cheo kimebaki! Sasa stadhouder anateuliwa na mabaraza ya majimbo yenyewe, ila karibu kila mara anatoka ukoo wa Nassau (tawi la Orange ndilo kubwa), na kwa kawaida jeshi liko mkononi mwake. Liwali asiye na sultani ni nani?

"Rais" silitaki, maana jamhuri haikai miaka mingi bila rais, ilhali jimbo la Holland lilikaa bila stadhouder tangu 1650 hadi 1672, na kwa sehemu kubwa ya muda huo kinara wa siasa alikuwa Johan de Witt, mpinzani wa cheo hicho. (Maskini, yeye na kaka yake waliuawa na umati mjini The Hague, Agosti 1672.) "Gavana", Mkenya atadhani amepigiwa kura. "Mtawala" ndiyo kabisa, linaua ugomvi wenyewe: kina de Witt walichohofia ni mtu mmoja kugeuka mfalme kimyakimya.

Niliache neno la Kiholanzi na kulieleza mara moja, au pwani kuna neno linalofaa zaidi? Mliosoma historia, na mnaoishi Uholanzi, nisaidieni. Makala inatakiwa Ijumaa.