Mrejesho: Mwalimu wa chekechea niliyetaka kuacha kazi

Ndugu zangu, habari zenu. Mimi ndiye niliyeuliza kama niache kazi, maana nilikuwa naamka nimechoka na sauti za watoto zinanitia hasira hata kabla sijafika darasani. Asanteni mno kwa majibu.

Ulionisaidia zaidi ni ushauri wa dada aliyesema nisome sheria kwanza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004 inampa anayefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo mapumziko ya saa 1, na likizo ya mwaka ya siku 28 yenye malipo. Mimi hata kula nilikuwa nakula nimesimama: watoto wakipumzika, ndipo unagawa uji, unawapeleka chooni, unambadilisha nguo aliyejikojolea. Anayedhani chekechea ni kuimba tu hajawahi kushinda nao.

Nilimwandikia mkuu wa shule barua. Mapumziko nimepata, tunapokezana na mwalimu wa darasa la jirani. Msaidizi bado, eti ada haitoshi. Hapo sijaridhika, watoto ni wengi mno kwa mtu mmoja, na nitaendelea kudai.

Na kwa kaka aliyeniambia ni uvivu: Shirika la Afya Duniani limeutaja uchovu huu katika ICD-11, yaani orodha yake ya kimataifa ya magonjwa na hali za kiafya, iliyopitishwa 2019, kuwa unatokana na msongo wa kazi wa muda mrefu usioshughulikiwa.

Usingizi umeanza kurudi. Likizo nimeandikiwa Juni, naenda kwa mama Iringa. Kazi siachi kwa sasa.