Tupeane uzoefu: kiporo chako, yaani kazi uliyoilaza, ni kipi, na kilikutoka vipi?

Dau Kavu (Langoni, Lamu)

Assalaam alaykum, na hamjambo nyote.

Naanza mimi ili mtu asione haya. Nina kidau cha marehemu baba, kimeegemezwa magogo ufukweni tangu kusi ya mwaka juzi. Kilitolewa majini kwa wiki mbili tu, kitiwe kalafati, yaani pamba ya kuziba mianya, kipakwe deheni, mafuta ya kulinda mbao, kirudi. Wiki mbili zikawa mwaka. Kila nikipita pale nakitazama kwa pembe ya jicho kama mtu anayenidai. Na chombo si sanduku, ukikiweka hakikungojei. Jua lakausha mbao, mbao zanywea, mianya yafunguka. Kazi ya siku nne ikawa kazi ya mwezi, na bei ya mbao nayo haikunihurumia.

Msidhani nilikuwa nimelala. Mwaka huohuo nilipaka nyumba chokaa, nikampeleka mama hospitali Mombasa mara tatu, nikapanga upya stoo ambayo hakuna aliyeniomba niipange. Nilifanya kila kitu isipokuwa kile.

Aliyenitoa ni fundi mmoja mzee wa Matondoni. Nilimwambia nakusanya pesa za kazi nzima kwanza. Akaniuliza, "Pamba unayo?" Nikasema ninayo. "Basi njoo nayo kesho baada ya alfajiri, tuzibe mwanya mmoja, tunywe chai." Tukaziba mmoja. Pamba anaisokota juu ya paja, anaichovya kwenye mafuta, anaisukuma ndani kwa patasi butu, na nyundo inagonga mpaka mlio unabadilika. Ukisikia mlio mkavu, mwanya umeshiba. Siku ya pili nilikwenda mwenyewe bila kuitwa.

Sharti langu moja: methali tunazijua. Asiniletee mtu "ngoja ngoja huumiza matumbo". Lete kiporo chako na namna kilivyotoka.

Mama Vito (Shela)

Pole na chombo, mwanangu. Mimi nashona kofia za vito. Nzuri moja hunichukua miezi miwili, au mitatu wajukuu wakiwapo. Nilikuwa na maradhi ya kumaliza safu. Sisimami mpaka safu iishe, naona raha, nakunja kofia, nalala. Kesho yake sasa! Kuanza safu mpya ni sawa na kuanza kofia mpya. Yakaa mkobani wiki nzima.

Shangazi yangu, Mungu amrehemu, ndiye aliyeniambia usilale umemaliza, lala umebakisha. Tangu hapo naacha kitundu kimoja nusu. Sindano iko humohumo, uzi unaning'inia. Asubuhi nikifungua mkoba, mkono wajua pa kushika. Nasema namaliza hiki kimoja tu, nikishtuka adhana ya adhuhuri hiyo.

Msomi wa Barani (Malindi)

Mama, shikamoo. Ulilosema lina historia. Mwanasaikolojia mmoja, Bluma Zeigarnik, alichapisha utafiti mwaka 1927 akisema watu hukumbuka zaidi kazi waliyokatizwa kuliko waliyoimaliza. Waliorudia majaribio yake baadaye hawakupata majibu yaleyale kila mara, lakini sindano yako mimi naiamini.

Mama Vito (Shela)

Marahaba. Huyo Bluma alishona kofia?

Punda Wawili (Mkomani, Lamu)

Nyinyi mna wakati wa kufikiri. Mimi nabeba mchanga na matofali. Jahazi likifunga, mzigo ushuke, sina swali la nina mzuka au sina. Punda naye haulizi. Siku ninazolala mpaka saa tatu ni zile ambazo hakuna mtu anayenisubiri gatini. Kwa hiyo ushauri wangu mfupi: tafuta mtu wa kukusubiri, tena awe mkali.

Kiongozi wa Gede (Malindi)

Punda Wawili umenigusa, maana kiporo changu kilizaliwa na wakati mwingi. Naongoza wageni, magofu ya Gede na nguzo ya Vasco da Gama. Msimu wa wageni sina nafasi hata ya kunyoa. Ikiingia mvua ya Aprili mpaka Juni hoteli nyingi zafunga, na mimi kila mwaka naapa: miezi hii najifunza kuandika Kiitaliano. Kukizungumza twakiokota barabarani hapa Malindi, mtoto wa miaka kumi anakujibu. Kukiandika ndiko kulikonishinda, na wateja siku hizi wanaulizia safari kwa barua pepe. Misimu minne, daftari lina kurasa mbili. Siku nikiwa na saa kumi na mbili tupu, zote hupotea. Siku nikiwa na saa moja, naitumia. Sijui kwa nini, lakini ndivyo.

Mgeni mmoja Mwitaliano, mama mtu mzima, aliniona na lile daftari akacheka, akaniambia fanya "pomodoro". Nikadhani anazungumzia chakula, maana kwao hiyo ni nyanya! Kumbe ni mtindo wa mwenzao Francesco Cirillo. Alipokuwa mwanafunzi wa chuo mwishoni mwa miaka ya 1980 masomo yalikuwa yakimshinda, akachukua saa ya jikoni yenye umbo la nyanya na kujifunga nayo. Unatega dakika 25, unafanya jambo moja tu, ikilia unapumzika dakika tano, unarudi. Mimi 25 zilinishinda. Nilianza na kumi, nyanya mbichi. Sasa nafika 25 mara tatu asubuhi, kabla watoto hawajaamka.

La simu lilikuwa kubwa kuliko la saa. Kuizima hakunisaidii, naiwasha. Sasa naipeleka kwa jirani muuza viazi karai ng'ambo ya barabara. Nikiitaka lazima nivuke, na nikivuka nanunua viazi. Tamaa ya simu imeshanigharimu hela za kutosha.

Karani (Majengo, Malindi)

Changu ni kifupi. Ritani za kodi za KRA, mwisho 30 Juni, kila mwaka hujulikana, kila mwaka nipo kwenye saiba usiku wa tarehe hiyo na nusu ya mji. Mtandao unazunguka, unazunguka. Mwaka mmoja ukanishinda, nikala faini ya shilingi 2,000. Siku hizi nafanya Januari, kwa hasira.

Fundi Cherehani (Langoni, Lamu)

Naona watu wanatajana pembeni. Ndiyo, mimi ndiye wa "njoo kesho". Leo nasema ukweli, mnisamehe au msinisamehe.

Sare za shule nashona bila kufikiri. Kanzu za Idi vilevile, nakesha tu. Nguo inayolala kwangu ni ile ya kitambaa cha thamani. Kuna dada aliniletea lasi aliyonunuliwa na kaka yake Dubai, ya harusi ya mdogo wao. Alipoifungua mezani, mkasi nikauficha. Kitambaa kikikatwa hakiungiki. Nikasema njoo Jumatano. Jumatano nikasema umeme ulikatika, na kweli ulikatika, lakini dakika kumi. Wiki mbili ule mfuko nauhamisha kutoka msumari huu hadi ule. Nikiugusa tumbo lanikata. Hapohapo nashona mashuka ya mtu ambaye hata hana haraka nayo.

Siku alipokuja kwa hasira, badala ya kumdanganya tena nikamwambia: dada, nakiogopa kitambaa chako. Aliduwaa, halafu akacheka. Nikanunua marekani, kile kitambaa rahisi cha pamba, nikakata nguo yote kwa marekani kwanza, nikamvisha. Bega moja lilikuwa limekosea kidole kizima. Lingekuwa lasi ningehama mji. Tukarekebisha, siku ya pili nikakata lasi, yeye ameketi kitini ananitazama. Mkono ulitetemeka kwenye shingo tu.

Tangu hapo, cha gharama nakata marekani kwanza. Na sisemi "njoo kesho", nasema "njoo ukae nikikata". Wengine wanaona ni maringo.

Msomi wa Barani (Malindi)

Fundi, wallahi umenieleza mimi. Nilikuwa na tasnifu ya shahada ya pili. Msimamizi wangu aliniandikia maoni, sikuyafungua. Siku ya kwanza nilichoka tu. Baada ya wiki nikaona haya kwa kuwa wiki imepita. Baada ya mwezi haya zikawa kubwa kuliko tasnifu yenyewe. Miezi minne barua haijafunguliwa, na mimi nasafisha friji saa sita usiku.

Timothy Pychyl, aliyekuwa mhadhiri Chuo Kikuu cha Carleton, Kanada, ameandika sana kuwa kuahirisha si ugonjwa wa ratiba, ni kukimbia hisia mbaya ambayo kazi inatuletea. Ndiyo maana shajara mpya hainisaidii, ninazo tano. Yeye na wenzake walichapisha utafiti mwaka 2010 kuhusu wanafunzi waliochelewa kusomea mtihani wa kwanza. Waliojisamehe kwa kuchelewa walipunguza kuahirisha ulipokuja mtihani uliofuata. Nilipousoma niliona ni maneno ya kubembelezana. Bado naona kuna watu watautumia kulala zaidi.

Lakini usiku mmoja nilimwandikia msimamizi mistari miwili: nimepotea miezi minne, sina sababu nzuri, nafungua maoni yako sasa. Akajibu asubuhi kwa neno moja, "Karibu." Maoni yenyewe yalikuwa saba. Matano yalihusu nukta na mikato.

Punda Wawili (Mkomani, Lamu)

Miezi minne kwa nukta na mikato! Basi na mimi nitoe langu. Sijakwenda kumwona kaka yangu Mokowe tangu tulipozozana juu ya minazi. Ni boti ya dakika chache tu. Nisiwaambie ni muda gani.

Mama Vito (Shela)

Usiende kuzungumza minazi. Mpelekee halua, kaa nusu saa, urudi na boti. Bakisha kitundu.

Dau Kavu (Langoni, Lamu)

Ahsanteni, sikutarajia mtafunguka hivi. Habari za chombo: mianya imekwisha, deheni tulipaka juzi, mikono bado yanuka mafuta na mke amenikataza kushika mito. Jumamosi ni bamvua, maji yajaa kama saa kumi alasiri. Kidau nikishushe siku hiyo au ningoje bamvua jingine, na nikingoja nyinyi mnanijua. Nataka watu wanane wa kusukuma. Kahawa na kaimati juu yangu.

Punda Wawili (Mkomani, Lamu)

Nipo. Asubuhi nitakuwa Mokowe, lakini saa kumi nitakuwa nimerudi.

Fundi Cherehani (Langoni, Lamu)

Nitakuja.

Karani (Majengo, Malindi)

Fundi, utakuja Jumamosi hii au kesho?