Nimekubaliwa uzamili wa historia ya muziki. Niende au nibaki darasani?

Mwana wa Ngamiani
Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu. Nina miaka 29, nafundisha Kiswahili na Historia katika sekondari ya serikali, mwaka wa tano sasa. Babu mzaa mama alipiga fidla kwenye taarabu za Tanga. Alipofariki aliniachia sanduku la santuri 41, zile nzito zinazovunjika kama sahani. Kila Jumamosi nazipiga kwenye gramafoni yake na kuandika mashairi daftarini, ubeti kwa ubeti.

Sasa chuo kimoja Ulaya kimenipa nafasi ya uzamili wa historia ya muziki, mwaka mmoja, nusu ya ada wanalipa wao. Mama ameniuliza swali moja tu: "Ukirudi utakuwa nani?" Sikuwa na jibu. Nota sisomi. Mliopita njia hii, kazi zipo?

Bi Kanda
Marahaba mwanangu. Mungu amrehemu babu yako.

Mimi nilimaliza uzamili nikiwa na miaka 31. Nikarudi Dar, nikakaa miezi minane bila ajira, nafundisha tuisheni Mwananyamala. Cheti hakikunitoa hapo. Kilichonitoa ni kwamba nilipokuwa masomoni niliomba kukaa na fundi wa maktaba ya sauti. Akanifundisha kusafisha kanda, kuunga zilizokatika, na kuzioka zile zinazonata. Ndiyo, huokwa, joto la nyuzi 50 hivi, saa nyingi, ndipo zikubali kupigwa na kuhamishiwa kwenye kompyuta. Taasisi moja ilipotafuta mtu wa kuhamisha kanda za redio, wenye shahada tulikuwa wengi, aliyewahi kushika kanda nilikuwa peke yangu. Huu ni mwaka wa 19. Sikufichi, mshahara si mnono, na miaka ya mwanzo mikataba ilikuwa ya miezi sita sita.

Kwa hiyo usitazame kwanza jina la chuo. Waulize wana santuri na kanda gani, na kama mwanafunzi anaruhusiwa kuzigusa. Kule Makhanda, Afrika Kusini, ILAM, maktaba ya muziki wa Afrika iliyoanzishwa mwaka 1954 na Hugh Tracey, mzungu aliyezunguka Afrika akirekodi nyimbo, inatunza rekodi zake, zikiwemo alizozifanya hapa kwetu enzi za Tanganyika. Makerere wanazo nakala za rekodi za Klaus Wachsmann, aliyekuwa mtunzaji wa Makumbusho ya Uganda. Rekodi za namna hii zinahitaji watu wanaosikia maneno. Mgeni anaweza kuandika mapigo ya ngoma vizuri kabisa, lakini fumbo la ubeti likampita huku analisikiliza. Wewe ni mwalimu wa Kiswahili, hilo ndilo shamba lako.

Ukiutaka uhadhiri, ujue uzamili unakufikisha kwenye uhadhiri msaidizi tu, uzamivu lazima ufuate, na GPA yako ya shahada ya kwanza wataiangalia.

Sasa nakuomba jambo, na ulifanye leo. Acha kuzipiga kwenye gramafoni! Kila ile sindano ya chuma inapopita inakwangua sauti ya babu yako. Zisimamishe wima kama vitabu. Usizifute kwa spiriti, itaziyeyusha. Halafu tazama pale mifereji inapoishia, karibu na lebo, kuna namba imechongwa. Kwa namba hiyo tunaweza kujua zilirekodiwa lini. Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, na hatujui nani ana nini sandukuni mpaka namba zisomwe.

Kijana wa Likoni
Dada, mie nilisoma muziki hapa Kenya, na kazi yangu ni haki za nyimbo za zamani. Mtu akitaka kutoa upya nyimbo za miaka ya 60, mie ndiye natafuta warithi wa mtunzi, wengine wako Muscat, na kusoma mikataba waliyotia saini wazee. Kazi hii haitangazwi gazetini, lakini ipo.

Nusu ya ada isikutie mbio. Nusu ya pili, pango na makoti ya baridi yatamaliza akiba ya mama. Waombe wakuahirishie mwaka mmoja, utafute ufadhili kamili: Chevening au Commonwealth kama ni Uingereza, DAAD kama ni Ujerumani. Likizo panda boti uende Unguja, chuo cha muziki cha DCMA wanafundisha nota pamoja na ganuni na udi. Nota isikutishe.

Bi Kanda
Namuunga mkono kijana. Na kazi usiache, omba ruhusa ya masomo kwa mwajiri mapema, barua hizo huchelewa.

Mwana wa Ngamiani
Ahsanteni sana. Nimekiandikia chuo leo asubuhi kuomba waniahirishie.

Jana usiku tulizihamishia santuri zote kwenye kabati la vitabu. Mama alikuwa akisoma namba, mimi naandika, mpaka saa saba. Alipofika ya 17 akasoma jina la mwimbaji, akanyamaza, kisha akasema, "Huyu alikuwa akija kula kwetu Ijumaa." Nimeandika na hilo.

Tatu zimechubuka, namba haisomeki. Nifanyeje, Bi Kanda?

Bi Kanda
Zima taa ya chumba. Tochi ya simu uilaze ubavuni mwa santuri, usiimulike kwa juu. Tarakimu zitajitokeza kwa kivuli chake.