Mwatiko anaweza kufugwa kwenye bwawa la maji baridi Moshi?

Mfugaji_Kahe
Wakuu, habari za kazi. Nina bwawa la udongo huku Kahe, mita 20 kwa 15, maji ya mfereji, lilikuwa la perege. Nataka kuweka mwatiko, yule samaki wa baharini (milkfish), kutoka Tanga. Atavumilia maji baridi? Na atazaa humo humo kama perege?

Mkondo_wa_Pwani
Mkuu, hapo kwenye "maji baridi" kuna mambo mawili, tuyatenganishe. Maji yasiyo na chumvi hayamsumbui. Mwatiko anaishi kwenye maji matamu, ya mikoko, ya bahari, hata yenye chumvi kupita bahari. Kinachomuumiza ni ubaridi wenyewe. Huyu ni samaki wa bahari ya nyuzi 20 kwenda juu. Chini ya hapo hamu ya kula inakata na hakui. Yakikaribia 15 ataanza kukufia. Kahe ni tambarare, una nafasi. Arusha mjini nisingemshauri mtu, Juni hadi Agosti patamshinda.

Kuzaa, sahau. Anapevuka akiwa na miaka kama 5 na anatagia baharini. Mayai yanaelea, yana upana wa milimita moja na kidogo, yanaanguliwa baada ya siku moja hivi. Wiki 2 hadi 3 baadaye watoto wanasogea ufukweni na kuingia kwenye mikoko, na hapo ndipo wanapokamatwa. Kwa hiyo kila msimu utanunua upya. Faida yake ni kwamba bwawa halitajaa vitoto kama la perege.

Vifaranga_Kwanza
Kwenye kununua ndipo wengi wanapoliwa. Weka watoto kwenye bakuli jeupe. Mtoto wa mwatiko ana milimita 10 hadi 17, anapenyeza mwanga kama kioo, na unaona nukta nyeusi tatu tu: macho mawili na moja tumboni. Ukiona wengine wenye madoa mwilini, kataa. Akiingia mla wenzake mmoja atawamaliza.

Bora uchukue waliokuzwa tayari, sentimita 5 hadi 8. Wanyimwe chakula siku nzima kabla ya safari, wasichafue maji ya mfuko. Chumvi ipunguzwe huko huko: toa robo ya maji, weka matamu, subiri saa 3, rudia. Mfuko ujazwe oksijeni na usafiri usiku. Ukifika, uelee bwawani dakika 20 bila kufunguliwa, halafu changanya maji kidogo kidogo.

Mfugaji_Kahe
Asante sana. Kina je? Nimesikia mwatiko anataka maji mafupi.

Mkondo_wa_Pwani
Ni kweli kwa mabwawa ya pwani. Mwatiko hana meno, anakwangua utando wa mwani unaoota kwenye tope, na utando huo unataka jua lifike chini, sentimita 30 au 40. Lakini kwako maji mafupi yatapoa usiku kucha. Weka mita moja, acha utando, tegemea maji ya kijani, yaani mwani mdogo unaoelea: weka samadi ya kuku kwenye viroba vilivyotobolewa, pembeni mwa bwawa. Zamisha mkono hadi kiwiko. Kiganja kikipotea kabla maji hayajafika kiwiko, samadi imezidi, simamisha. Alfajiri wakihema juujuu ujue oksijeni imeisha, ongeza maji mapya mara moja.

Kingine, maji ya mfereji yanashuka kutoka mlimani yakiwa ya baridi. Siku za kawaida fungulia saa 8 mchana, siyo asubuhi. Kwa bwawa lako samaki 100 hadi 150 wanatosha.

Vifaranga_Kwanza
Zungushia wavu juu ya tuta, mwatiko akishtuka anaruka. Na usimkimbize na kokoro (wavu wa kukokota) wakati wa kuvua, magamba yanabanduka ovyo na nyama inaharibika mapema. Punguza maji hadi nusu, kisha fungulia mfereji: anapenda kupanda mkondo, watajikusanya wenyewe mdomoni pa maji. Hapo shusha wavu nyuma yao.