Lorca, García, au García Lorca? Waingereza wamemkata jina mshairi wa watu

Mtoa mada: Federico García Lorca, mshairi wa Granada, Hispania, aliyeuawa 1936. Baba yake García Rodríguez, mama yake Lorca Romero. Kwa hiyo García ni la baba, Lorca la mama. Ukienda kwenye Kiingereza ni "Lorca" tu, kama vile García ni jina la katikati la kupitia. Na hilo Lorca lenyewe London wanalitamka "Loka", r imemezwa. Mimi nasema wamekosea mara mbili. Mnasemaje?

Mkutubi: Usiwabebeshe wote. Katalogi ya Maktaba ya Bunge la Marekani imemwandika "García Lorca, Federico, 1898-1936", yuko G. Kinachoharibu ni fomu zile za visanduku vitatu. Mtu anajaza García katikati, mashine inatoa "Lorca, F. G.", kisha kazi za mtu mmoja zinakaa G nusu na L nusu. BibTeX nayo, ile programu ya kupanga marejeo, ukiandika majina mfululizo bila mkato inachukua neno la mwisho peke yake kuwa ukoo. Andika "García Lorca, Federico", mkato baada ya Lorca, basi.

PwaniYetu: Mtoa mada, Wahispania wenyewe wanasema Lorca! Kitu chenye mtindo wake wanakiita "lorquiano". García ndilo jina la ukoo lililoenea kuliko yote Hispania. Ukiita García pale ni sawa na kuita "Juma!" katikati ya Kariakoo. Ndiyo maana Rodríguez Zapatero, waziri mkuu wa 2004 hadi 2011, ni Zapatero. Mwandishi Pérez Galdós ni Galdós. Mchoraji Ruiz Picasso ni Picasso. La kwanza likiwa la kila mtu, la mama linabeba mzigo. Waingereza hawakubuni kitu. Ila kwenye matamshi sisi tuna bahati: c ya García ni th ya thelathini, na mkazo uko silabi ya pili kutoka mwisho kama kwetu, gar-THI-a. Anayesema "Garsia" ni yuleyule wa "selasini".

MtuWaBara: Nilijua tu. Selasini imeingiaje kwa Lorca? Haya tusomeshane. Th hiyo ni ya Madrid na kaskazini. Andalusia, kule kusini, kuna sehemu wanasema s kotekote, kuna sehemu th kotekote, kuna wanaotenganisha. Amerika ya Kihispania yote ni s. Mwandishi García Márquez wa Colombia alikuwa Garsia kwa watu wake. Kamwambie naye ni wa selasini.

PwaniYetu: Colombia nimeitaja wapi? Tuko Granada.

MtuWaBara: Granada ndiyo Andalusia, mkuu. Na hakuna rekodi ya sauti ya Lorca iliyopatikana mpaka leo. Hiyo th umeitoa kwenye kamusi, si kinywani mwake.

Mtoa mada: Jamani, Lorca. Kama shida ni wingi wa García, mbona García Márquez hatumwiti Márquez?

Mkutubi: Wanamwita hivyo kwa Kiingereza kila siku, na hilo ndilo kosa la kweli. Márquez nalo limejaa kila kona, halimtofautishi na mtu. Kihispania ni García Márquez kwa ukamilifu, au Gabo. Vargas Llosa, mwandishi wa Peru, vilevile, rafu ya V.

BintiSarufi: Mnagombania th na wote mmesahau alama juu ya i. Ukiandika "Garcia" bila alama, kwa kanuni ya Kihispania i na a zinakuwa silabi moja na mkazo unarudi nyuma: GAR-cia. Alama ndiyo inayozitenganisha. Kwenye simu bonyeza i uishikilie, chagua í. Windows shikilia Alt, piga 0237 kwenye namba za pembeni. Kuhusu Lorca: ni silabi mbili tu, lor-ca, ncha ya ulimi iguse ufizi kisha uende k moja kwa moja. Mtu wa London anaacha r na kurefusha irabu. Mmarekani r anayo, ila anaivutia ulimi nyuma. Sisi kosa letu ni kuchomeka irabu, kama tulivyofanya Uturuki: "Loruka".

Mtoa mada: Loruka, anaruka kwenda wapi 😂

PwaniYetu: Bado nasubiri nionyeshwe neno moja la Kiswahili ambalo th yake ni s.

MtuWaBara: Neno umelipokea kutoka Kiarabu, na Mmisri mwenye Kiarabu chake anasema "talatin". Thaura, yaani mapinduzi, anasema "saura". Panda meli ukamsahihishe.

PwaniYetu: Mmisri hafanyi mtihani wa Kiswahili.

Mkutubi: Kabla hamjafika Cairo: Shaaban Robert mnamweka S au R? Maana mtoa mada amewacheka Waingereza.

Mtoa mada: S. Nani anamwita "Robert"?

Mkutubi: Katalogi. "Robert, Shaaban." Robert ni jina la baba.

PwaniYetu: Ingia Tanga useme "nipe kitabu cha Robert" uone utaletewa nini.

MtuWaBara: Kumbe Lorca anaruhusiwa kuwa Lorca, Robert hapana?

PwaniYetu: Wewe maliza kwanza thelathini.